KUHAMISHA MICHE YA OKIDI KUTOKA CHUPANI HADI CHUNGUNI

Mche wa okidi ulio ndani ya chupa huonekana kana kwamba hauna haja ya kitu chochote. Majani yake ni mabichi, mizizi yake imejikunja juu ya jeli safi, na hapana mdudu wala ugonjwa uwezao kuufikia maadamu kizibo hakijafunguliwa. Kwa ajili hiyo wapandaji wengi walio wageni wa kazi hii hudhani kuwa shughuli kubwa imekwisha kufanywa na wale waliopanda mbegu, na kwamba lililobaki ni kuutoa mche na kuupandikiza kama mche wa kabichi. Baada ya wiki 2 au 3 miche huwa imeoza au imekauka, na fedha iliyonunua chupa imepotea bure.

Sababu ya hasara hii si uvivu. Mara nyingi ni kinyume cha uvivu: mpandaji huona jani limelegea, akamwagia maji; kesho yake jani limelegea zaidi, naye akaongeza maji. Miche mingi ya okidi hufa kwa kunyweshwa kuliko ifayo kwa kiu. Ili kulifahamu jambo hili, yafaa kwanza kujua maisha ya mche huo yalivyokuwa ndani ya chupa, na kwa nini uliwekwa humo.

Mbegu isiyo na akiba

Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi. Charles Darwin, yule mtaalamu wa viumbe wa Uingereza, alihesabu mbegu za okidi moja ya nchi yake, akaona kuwa tunda moja lina mbegu 6,200 hivi, na mmea mzima zaidi ya 186,000. Lakini wingi huo haumaanishi kwamba mimea itakuwa mingi. Punje ya hindi au haragwe hubeba akiba ya chakula cha kuukuza mche mpaka upate majani. Mbegu ya okidi haina akiba ya namna hiyo. Huko msituni haiwezi kukua isipokuwa imekutana na kuvu ya namna maalumu, iingiayo ndani yake na kuilisha. Mfaransa Noël Bernard ndiye aliyeligundua jambo hili mwaka 1899, alipokuwa akichunguza miche michanga iliyoota porini. Kisha mwaka 1922 Lewis Knudson, wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, alitangaza kuwa mbegu zaweza kuota pasipo kuvu yoyote, mradi zipewe sukari na chumvi za madini juu ya agari, yaani jeli itokanayo na mwani wa baharini, ndani ya chupa iliyotakaswa hata kisibaki kijidudu kimoja.

Njia hiyo ndiyo itumikayo hata leo, ijapokuwa kila maabara ina mapishi yake. Wengine hutia ndizi iliyopondwa, wengine maji ya nazi, na wengine makaa yaliyosagwa laini, na hapo jeli huwa nyeusi kama wino. Lililo kubwa ni sukari. Sukari ndiyo iliyoulea mche, na sukari hiyo hiyo, chupa ikishafunguliwa, ndiyo huwaita ukungu na bakteria waje kula. Mpandaji asiyelikumbuka hilo atashangaa kuona mche ulioishi mwaka mzima na zaidi ndani ya chupa ukioza katika siku 4.

Katika Kenya zimeorodheshwa aina zaidi ya 200 za okidi za asili. Mojawapo ijulikanayo sana ni Ansellia africana, iitwayo okidi ya chui kwa sababu ya maua yake ya manjano yenye madoadoa ya hudhurungi. Humea juu ya miti ya nchi za joto, pamoja na misitu ya pwani, na huenea kusini hata Afrika Kusini. Uzuri wake umeiponza. Watu hupanda mtini wakabandua shada zima lililokua kwa miaka mingi, wakaliuza; na mmea uliong'olewa hivyo, mizizi ikiwa imekatika, mara nyingi hauishi kwa huyo aliyeununua. Kumbe tunda moja tu, likichumwa kwa ruhusa na mmea mama ukaachwa mahali pake, laweza kujaza chupa nyingi. Basi chupa si chombo cha matajiri wa Ulaya peke yao. Ni njia ya kupata okidi ya chui pasipo kuuvua msitu nguo zake. Lakini njia hiyo haina maana kama miche yote inafia mikononi mwa wapandaji, kwa kuwa mtu aliyepoteza chupa 2 hurudi kwa yule mwenye kupanda miti.

Mtu aagizaye chupa kutoka ng'ambo yampasa ajue sheria. Okidi zote zimo katika orodha za mkataba wa mwaka 1973 unaosimamia biashara ya viumbe vya porini baina ya nchi na nchi. Kwa zile zilizo katika Orodha ya Pili, nazo ndizo nyingi kabisa, miche iliyomo katika chupa zilizotakaswa imeachwa nje ya masharti ya mkataba. Hata hivyo haimfungui mtu na masharti mengine. Mwenye kuingiza mimea Kenya hana budi kupata kwanza kibali cha KEPHIS, shirika la serikali liangalialo afya ya mimea.

Hali ya jani lililokulia chupani

Jani la mmea ulio nje lina ngozi ya nta izuiayo maji yasitoke ovyo. Tena lina vitundu vidogo sana, visivyoonekana kwa macho matupu, ambavyo hufunguka na kufumba kwa kadiri ya ukavu wa hewa. Ndani ya chupa hewa imejaa unyevu usiku na mchana. Kwa hiyo jani lililokulia humo lina nta haba, na vitundu vyake havikuzoea kufumba. Mche huo ukiwekwa mezani penye upepo huanza kupoteza maji mara moja, na waweza kunyauka kabla mpandaji hajamaliza kujaza vyungu vyake.

Habari ya chakula ni vivyo hivyo. Mmea wa nje hujitengenezea chakula kwa nguvu ya mwanga. Mche wa chupani umekuwa ukipewa sukari tayari, wala haukulazimika kutumia majani yake kwa bidii. Na mizizi yake ilikua ndani ya jeli laini, si juu ya gome la mti lenye kupitisha hewa. Mingi ya mizizi hiyo haidumu. Hufa kidogo kidogo, na mahali pake huota mipya inayofaa maisha mapya.

Basi mche huo ni kama mtoto aachishwaye ziwa siku ile ile aliyohamishwa nyumba. Hewa, chakula na mizizi, vyote vinageuka kwa mara moja. Majani hayana nguvu ya kuzuia maji yasitoke, na mizizi haina nguvu ya kuingiza maji mapya. Hapa ndipo penye kosa lililotajwa hapo juu. Jani lililolegea halitaki maji chunguni; lataka hewa yenye unyevu kulizunguka. Maji yajazwayo chunguni hayapandi hata jani, kwa kuwa mizizi haijaweza kuyanywa. Hukaa tu yakifukuza hewa, na mizizi ikaoza. Mpandaji awezaye kutenga mambo haya mawili akilini mwake, yaani unyevu wa hewa na maji ya chungu, amekwisha kujifunza nusu ya kazi.

Wakati wa kufungua chupa

Hapana haja ya kufanya haraka chupa ikiwa nzima na safi. Mche ufaao kutolewa una majani 2 au 3 na mizizi kadhaa iliyo mizuri, na urefu wa sentimita 3 hadi 5, ingawa aina nyingine ni fupi kwa asili yake. Mche mdogo kuliko hapo hauna akiba ya kutosha. Lakini miche ikibanana hata majani ya chini yakawa ya manjano, au jeli ikikauka na kupasuka, kungoja zaidi ni hasara. Na chupa ikiingiwa na ukungu, hapana la kungoja hata kidogo. Itafunguliwa siku hiyo hiyo na miche kuoshwa, iwe mikubwa au midogo.

Majira nayo yana neno. Nairobi na nchi za juu hupata baridi na mawingu tangu Juni hata Agosti, na miche ipandwayo wakati huo hukaa kimya pasipo kutoa mizizi, huku ukungu ukiendelea na kazi yake. Afadhali kungoja joto lirudi. Pwani joto halipungui sana, na huko la kuhofiwa zaidi ni jua na upepo mkavu.

Chupa ikifika kutoka mbali, iachwe imefungwa kwa wiki moja au mbili mahali pale pale miche itakapokaa baadaye, ili izoee mwanga wa hapo. Isipigwe na jua hata kwa nusu saa. Kioo kilichofungwa hukusanya joto kama tanuri, na miche hupikwa humo. Wako wapandaji wanaopenda kulegeza kizibo siku kadhaa kabla ya kutoa miche, ili izoee hewa. Lakini kwa kuwa sukari ingalimo ndani, ukungu huingia upesi kuliko mazoea. Kufungua na kuosha siku moja ni salama zaidi.

Kitu cha kupandia

Okidi zikaazo juu ya miti hazipandwi katika udongo wa shamba. Udongo hushikamana, hufukuza hewa, na mizizi hufa. Huko Ulaya na Marekani hutumia magome ya misonobari yaliyokatwa vipande vidogo, au sifagnamu, yaani mmea laini wa mabwawa ambao ukikaushwa hufyonza maji kama sifongo. Vitu hivyo vyaweza kununuliwa, lakini Afrika Mashariki vipo vingine visivyo na gharama kubwa.

Makaa ya kawaida ni mazuri sana. Huvunjwa vipande vya milimita 3 hadi 6 kwa miche midogo, vikachekechwa ili vumbi litoke, kisha vikaoshwa. Makumbi ya nazi nayo yafaa, yakikatwa vidogo, kwa kuwa hushika maji na bado hupitisha hewa. Lakini makumbi yana chumvi kwa asili yake, tena yana rangi kali kama ya chai. Hayana budi kulowekwa siku kadhaa katika maji baridi yanayobadilishwa mara kwa mara, mpaka maji yatoke meupe. Na yale makumbi yaliyofukiwa katika tope la bahari kwa ajili ya kusokota kamba yasitumiwe kabisa, hata kama yameonekana laini na mazuri na mwenyewe anayatoa bure. Hayo yamekunywa maji ya bahari kwa muda mrefu, na chumvi yake huchoma ncha za mizizi michanga.

Maji ya mvua ndiyo bora kwa kazi yote. Maji ya kisima yenye ladha ya chumvi hayafai.

Siku ya kutoa miche

Kila kitu kiwe tayari kabla chupa haijafunguliwa: beseni 2 za maji ya uvuguvugu, kibano au kijiti laini, magazeti yaliyoloweshwa, vyungu vilivyooshwa kwa sabuni, na vibandiko vya majina. Ni vema kufungua chupa moja tu na kuimaliza, kuliko kufungua 3 na kuacha miche ikingoja juu ya meza.

Chupa yenye mdomo mpana hutiwa maji kidogo ya uvuguvugu na kutikiswa polepole mpaka jeli ilegee, kisha miche hutolewa kwa kutanguliza mizizi. Ile yenye shingo nyembamba haina njia ila kuvunjwa. Huviringishwa katika magazeti mengi na kupigwa nyundo mara moja, si kwa nguvu nyingi, kisha magazeti hufunguliwa taratibu. Hapo yapasa kutazama sana vipande vya kioo vilivyojificha katikati ya mizizi, kwa ajili ya mikono ya mpandaji na ya watoto watakaopita pale baadaye.

Kuosha ndiyo kazi yenyewe. Miche hulazwa katika beseni ya kwanza, na jeli huondolewa kwa vidole, kidogo kidogo, bila kuvuta. Mizizi iliyosokotana huachana yenyewe ndani ya maji, walakini nje ya maji hukatika. Kisha miche huhamishiwa beseni ya pili, na kila mmoja huinuliwa na kutazamwa. Jeli iliyobaki hutambulikana kwa utelezi wake hata isipoonekana kwa macho, na panapoteleza paoshwe tena. Saa nzima ikipotea hapa si hasara, kwa kuwa tone la jeli lililoachwa shingoni mwa mche latosha kuanzisha ukungu utakaokwenda kwa majirani wote. Miche iliyokwisha kuoshwa hulazwa juu ya gazeti moja lenye maji na kufunikwa kwa jingine, isipate upepo.

Wengi huuliza habari ya dawa ya ukungu. Ipo, na mwenye kuitumia afuate maandishi ya kibandiko chake neno kwa neno na kuvaa mipira ya mikono. Lakini dawa haifanyi kazi ya kuosha. Mche mchafu uliotiwa dawa huoza baada ya siku 10 badala ya 4.

Baadaye miche hupangwa kwa ukubwa. Ile iliyo mikubwa huweza kupandwa kila mmoja peke yake katika chungu chenye upana wa sentimita 5. Ile ya kadiri hupandwa 10 au 15 pamoja katika chungu cha sentimita 10, na njia hii ndiyo imfaayo mgeni wa kazi, kwa kuwa chungu kikubwa hakikauki ghafula. Haifai kuchanganya mikubwa na midogo. Mikubwa huitia kivuli midogo, nayo hubaki na maji majanini. Ile midogo kabisa, isiyo na mizizi, nadra kuishi, na mpandaji asitumie muda wake mwingi juu yake akaacha ile yenye tumaini.

Chini ya chungu hutiwa vigae au kokoto mpaka theluthi moja, ili maji yapite. Juu yake huja makaa na makumbi yaliyoloweshwa na kuachwa yachuje. Mche hushikwa kwa mkono mmoja, mizizi ikining'inia, na mkono mwingine hujaza polepole hata kitako cha mche kiwe sawasawa na uso wa chungu. Kitovu, mahali majani mapya yatokapo, kisifukiwe kamwe. Mche usisimame kwa kubanwa sana, wala usitikisike, kwa maana ncha ya mzizi mpya ni laini, na kila mche utikisikapo ncha hiyo huchubuka.

Mwezi wa kwanza

Vyungu huwekwa ndani ya sanduku la plastiki ing'aayo au mfuko mkubwa ulioinuliwa kwa vijiti usiguse majani, mahali penye kivuli kizito na joto la digrii 20 hadi 28. Humo hewa hukaa na unyevu karibu sawa na wa chupani. Siku 5 za kwanza haifunguliwi ila kwa kutazama. Kisha hufunguliwa kwa robo saa kila asubuhi, halafu nusu saa, halafu saa kadhaa, na baada ya wiki 4 hadi 6 kifuniko huondolewa kabisa. Jani likilegea baada ya kuongeza muda, mpandaji arudi nyuma siku 2 au 3, wala asiguse birika.

Maji hutolewa kwa kunyunyiza kama umande, asubuhi, ili majani na vitovu viwe vikavu kabla ya usiku. Chungu hakimwagiwi mpaka makaa ya juu yameanza kukauka. Njia rahisi ya kujua ni kukiinua mkononi. Baada ya siku chache mkono huzoea uzito wa chungu chenye maji na wepesi wa chungu kikavu, nao husema kweli kuliko jicho.

Kila siku miche itazamwe mmoja mmoja. Jani la manjano la chini halina hofu kubwa, kwani majani ya chupani mengi huanguka kwa zamu. Lakini jani lililogeuka kama limechemshwa, likawa na maji ndani yake na rangi nyeusi shingoni, ni la kuoza. Mche huo utolewe mara moja pamoja na makaa yaliouzunguka, na chungu kile kitengwe na vingine. Kuuonea huruma mche mmoja kumewapotezea watu chungu kizima.

Konokono na mende hupenda ncha za mizizi michanga, nao huja usiku. Vyungu vikiwekwa juu ya waya, mbali na ukuta, husalimika zaidi.

Mbolea haitakiwi mpaka mizizi mipya ionekane. Huonekana kama ncha ndogo ya kijani au nyeupe itokayo kitakoni mwa mche, kwa kawaida baada ya wiki 3 hadi 6, na ni alama iliyo bora kuliko jani jipya, kwa kuwa jani laweza kuota kwa akiba ya zamani. Hapo mbolea ya maji huanza kutolewa kwa robo ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa wiki 2, na katikati yake maji matupu ya kuosha chumvi.

Miche iliyopandwa pamoja hukaa hivyo miezi 6 hadi mwaka, mpaka majani yagusane. Ndipo hugawanywa, kila mmoja na chungu chake cha sentimita 5 au 7, na siku chache za kivuli tena. Baadhi ya aina, kama zile za Asia ziitwazo Phalaenopsis, huweza kuchanua miaka 2 au 3 baada ya kutoka chupani. Nyingine hungoja zaidi. Kwa muda mrefu namna hiyo kibandiko cha jina huwa cha thamani kama mche wenyewe. Jina la mmea, na tarehe chupa ilipofunguliwa, viandikwe kwa kalamu ya risasi, maana wino hufutika kwa jua na maji kabla ua la kwanza halijaonekana. Na chungu kigawanywapo, kila mche upewe nakala yake.